Pini ya Saba

Waliokuwapo katika ukumbi mkubwa wa jumba la Drosenau, mjini Vienna, saa nne ya asubuhi ya Jumatano ya Majivu, walikuwa hawa: Bibi Mkubwa Eleonora von Drosenau, mwenye jumba na mlezi wa dansi, Valerie, mjukuu wake wa miaka kumi na minane, ambaye katika dansi ya usiku uliopita ndio kwanza alitolewa mbele ya watu, Luteni Egon von Hallegg wa kikosi cha wapanda farasi, mchumba wa Valerie tangu Krismasi, Alois Kerschbaum, mpiga tromboni, Rosalia Hruschka, mshonaji wa chumba cha makoti, akiwa chini ya ulinzi, Konstebo Nemetz, aliyemlinda na kuandika yaliyosemwa, na Inspekta Kajetan Wessely, aliyewaita wote. Ferdinand Zapletal, mwalimu wa dansi, alikuwa amelazwa chumba cha chini, juu ya meza ya kukunjia nguo, amefunikwa kitambaa cha meza. Shingo yake ilikuwa imevunjika.

Inspekta alikuwa ameagiza kila mtu aje na mavazi yaleyale ya usiku, bila kuondoa wala kuongeza kitu. Katika mwanga wa madirisha yaliyozibwa nusu na theluji, gauni jeupe la Valerie lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa. Sakafu ilinuka nta na maua yaliyolala. Mishumaa ilikuwa imekwisha hadi kwenye vikombe vyake, na viti vya dhahabu vilisimama vimeelekeana kama watu waliokatizwa mazungumzo. Bibi Mkubwa alikuwa amebadili jambo moja: alikwisha kwenda kanisani alfajiri, na alama ya majivu ilikuwa kwenye paji la uso wake.

"Inspekta," alisema, "msalaba huu siwezi kuufuta kwa ajili ya polisi."

"Sikuombi uufute, Bibi Mkubwa."

"Basi tumalize. Mwanamke anajulikana. Pini yake imeonekana. Sioni kwa nini mjukuu wangu asimamishwe kwenye baridi."

Wessely alitoa saa mfukoni. Hakimu wa uchunguzi alimtaka Rosalia Hruschka saa sita kamili, pamoja na karatasi ya mashtaka iliyotiwa saini. Karatasi ilikuwa tayari ndani ya mkoba wa Nemetz. Kilichokosekana ni saini ya Wessely tu. Mtu akishaingia kwa hakimu yule na mashtaka ya kuua, hutoka kwa njia mbili, na moja kati ya hizo ina kamba.

Ushahidi dhidi ya mwanamke huyo ulikuwa mfupi na ulisomeka vizuri. Katika mkono wa shati la marehemu ilikutwa pini yenye kichwa cha kioo cheusi, ya aina ambayo mjini hapa Rosalia peke yake huitumia. Kwenye pini hiyo kulikuwa na uzi mwekundu, na mto wa pini anaoufunga Rosalia kifundoni mwa mkono ni mwekundu. Katika saa ya kifo hakuwa mahali pake pa kazi. Na Jumapili, siku ya mazoezi, alimwambia Zapletal mbele ya wasichana ishirini kwamba siku moja shingo yake ndefu itavunjika.

"Tuanze na wewe, Bwana Kerschbaum," alisema Inspekta. "Ulimwona wapi?"

Mpiga tromboni alikuwa mtu mnene mwenye mashavu yaliyolegea kwa kazi ya kupuliza. Naye alikuwa na majivu usoni. "Chini ya ngazi zetu, mheshimiwa. Zile za mawe, za kupandia roshani ya wapiga muziki. Tulimaliza walzi ya mwisho, nikashuka wa kwanza, maana mimi nikipiga saa saba mfululizo kibofu hakinisubiri. Nikamkanyaga. Nikasema, samahani bwana mwalimu. Hakusema kitu, na huyo si mtu wa kukosa la kusema."

"Kabla ya hapo ulimwona mzima lini?"

"Wakati wa dansi ya tepe, ile wanawake wanachukua utepe kapuni na kumtundikia kifuani mwanamume wanayemtaka. Walikwisha kugawa tepe za buluu, na za njano, wakagawa nyekundu, za mwisho. Halafu kuna mapumziko ya dakika kumi, tunalowesha koo. Yeye huja juu kutuambia walzi ya mwisho iwe ndefu au fupi. Jana hakuja. Tukapiga ndefu."

"Kwa hiyo alianguka kati ya tepe nyekundu na mwisho wa walzi."

"Ndivyo."

"Na ukiwa roshani unaona ukumbi mzima."

"Naona vichwa, mheshimiwa. Vipara navijua vyote."

"Ulisikia neno lolote lisilo la kawaida usiku?"

Kerschbaum aliangalia viatu vyake. Kisha akamwangalia Bibi Mkubwa, na Bibi Mkubwa akaangalia dirisha.

"Hapana," alisema Kerschbaum.

Wessely alisubiri kidogo, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya kusahihisha jibu. Hakuna kilichosahihishwa. Akageuka kwa mshonaji.

Rosalia Hruschka alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekaa na mikono juu ya mapaja, mikono isiyozoea kukaa.

"Bi Hruschka, wakati wa mapumziko ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nilikunywa kahawa."

"Nani alikuona?"

"Nani wa jikoni anamwona mshonaji, Inspekta? Walikuwa wanapanga samaki wa Jumatano. Waliona samaki."

"Kwa nini ulimwambia Zapletal maneno yale Jumapili?"

"Kwa sababu alisema napindisha mapindo makusudi ili nipewe kazi zaidi. Miaka kumi na tisa nashona kwenye madansi ya watu wakubwa, sijaambiwa hivyo. Nikamwambia alichostahili kuambiwa. Ningetaka kumuua nisingemtangazia mbele ya wasichana ishirini. Wale hawajui kufunga mdomo hata wakila."

Nemetz aliinamisha kichwa ili tabasamu lake lisionekane. Inspekta akatoa bahasha, akaitoa pini ndani yake na kuiweka kwenye kiganja cha mwanamke.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na uzi huu?"

Rosalia alisogeza miwani. Aliinua pini hadi kwenye mwanga, akauvuta uzi kwa kucha, akauachia. "Uzi huu si wangu."

"Mto wako ni mwekundu."

"Mto wangu ni wa sufu. Huu ni hariri. Sufu ukiivuta inakatika ina manyoya. Huu umekatika umechongoka. Daktari wenu ndiye aliyesema umetoka kwenye mto wangu? Basi akija kutibu mtu tumbo, mwambieni aangalie vizuri kama si goti."

"Wewe una pini ngapi za namna hii?"

"Jana nilikuja nazo mia moja. Zilizobaki kwenye mto ni thelathini na nne, amezihesabu huyu konstebo wako. Nyingine zimo ndani ya magauni ya watu. Inspekta, ndiyo kazi yenyewe. Wanakanyagana, wanakuja mbio, napiga magoti, nabana, wanakimbia tena. Mimi wageni wa nyumba hii siwajui kwa nyuso. Nawajua kwa mapindo."

"Basi nieleze mapindo ya jana, kuanzia dansi ya tepe ilipoanza."

"Matatu. Bibi mmoja wa kijani, lasi imeachia tu. Bibi wa pili, mnene, kajikanyaga mwenyewe. Na bibi mdogo." Alimwonyesha Valerie kwa kidevu, kwa heshima. "Mpasuko wa shibiri moja, upande wa nyuma wa kulia. Nikambana kwa pini saba."

"Unakumbuka saba?"

"Shibiri moja ni pini saba. Ukiweka sita pindo linacheka, ukiweka nane linanuna."

"Na nani alimkanyaga?"

"Hilo sikuliona."

"Sikuuliza uliona nini. Nauliza pindo lilisema nini."

"Lilikuwa na meno," alisema mshonaji polepole. "Mpasuko wa kiatu ni mmoja, mrefu, unafuata nyuzi. Ule ulikuwa na vitobo kwanza, vinne au vitano kwa mstari, ndipo ukapasuka. Kiatu cha dansi hakina meno."

Hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua maana yake. Maofisa wa farasi huvaa visigino vya chuma vyenye gurudumu la meno la kumchomea mnyama. Na sheria ya kila dansi mjini ni kwamba afisa atakayecheza huviacha chumba cha makoti pamoja na upanga wake. Luteni von Hallegg alikuwa amesimama kando ya jiko la vigae la kupashia ukumbi joto, mrefu, ameshika glavu zake nyeupe kwa mkono mmoja. Kifuani pake, kwenye vifungo vya koti la jeshi, zilining'inia tepe tatu: ya buluu, ya njano na nyekundu.

"Bwana Kerschbaum," alisema Inspekta bila kugeuka, "nakuuliza tena. Ulisikia nini?"

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wa kupuliza tu."

"Huyu mama ataondoka hapa saa sita. Unajua anakopelekwa."

Mpiga tromboni alijifuta jasho, ingawa ukumbi ulikuwa baridi. "Mwalimu alisimamisha mstari," alisema. "Baada ya tepe za buluu. Alimwambia bwana Luteni... kwa sauti, maana muziki ulikuwa umekatika ghafla... alimwambia, 'Mheshimiwa, hapa si zizini. Vyuma nje, au wewe nje.'"

"Na watu?"

"Wengine walicheka. Wanawake wawili watatu. Bwana Luteni akatoka, akarudi bila vyuma, dansi ikaendelea."

"Tulikubaliana jambo hilo lisisemwe," alisema Bibi Mkubwa.

"Mlikubaliana nani, Bibi Mkubwa?"

"Sisi sote tuliokuwa hapa. Watu mia mbili na kumi. Mgeni alikosea, mwajiriwa akakosea zaidi. Mambo kama hayo huisha pale pale. Usipoelewa hilo, Inspekta, huwezi kuelewa nyumba kama hii inasimama kwa nini."

"Nalielewa," alisema Wessely. "Ndiyo maana sikumshangaa Bwana Kerschbaum." Akamgeukia Luteni. "Baada ya tepe nyekundu ulikuwa wapi?"

"Na mchumba wangu. Mapumziko tulikaa, halafu tukacheza walzi ya mwisho."

"Yote?"

"Yote."

"Ndivyo ilivyokuwa, bibi mdogo?"

Valerie alikuwa mwembamba, nywele zake bado zimebanwa kwa maua madogo yaliyokwisha kunyauka. "Ndivyo," alisema.

Inspekta alitembea hadi katikati ya ukumbi na kurudi, mikono nyuma. Alipenda kila jambo likae kwenye mstari wake, na mistari hii miwili ilikuwa bado haijakutana: kulikuwa na tusi, na kulikuwa na pini. Tusi lilikwenda kwa Luteni. Pini ilikwenda mahali pengine, na ilimpasa aifuate huko kwanza hata kama njia hiyo haikumpendeza.

"Naomba mapindo ya bibi mdogo yahesabiwe pini," alisema.

"Polisi hatagusa gauni la mjukuu wangu."

"Sikusudii. Wala Bi Hruschka hatagusa, mtasema kaongeza au kapunguza. Nakuomba wewe, Bibi Mkubwa."

Bibi Mkubwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine katika chumba kile ambaye neno lake lisingetiliwa shaka, na kwa kuwa yeye mwenyewe alilijua hilo, alishika mkono wa kiti na kuinama. Magoti yake yalilia. Mwanamke wa miaka sabini na minne, mwenye majivu usoni, alilishika pindo la gauni jeupe lililochafuka nta, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Sita," alisema.

"Hesabu tena, tafadhali."

"Najua kuhesabu hadi saba, Inspekta. Ni sita. Mahali pa moja pana tundu tupu."

Nemetz alimsaidia kuinuka. Inspekta aliandika jambo kwenye kijitabu chake, akakifunga.

"Basi mambo yanakwenda hivi," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma somo. "Pini saba zilitiwa kwenye gauni hili. Sita zimo. Ya saba ilikutwa kwenye mkono wa shati la maiti. Bi Hruschka hakuiweka kwa maiti, aliiweka hapa. Kwa hiyo gauni hili lilifika kwenye ngazi za wapiga muziki, na aliyelivaa alikuwa karibu na Zapletal kiasi cha kushikwa."

"Upuuzi," alisema Bibi Mkubwa, lakini alikaa.

Valerie alikuwa ameelekeza macho kwa Luteni, akingoja. Alimngoja kama msichana anavyongoja kwenye kiti, mgongo wima, mtu afike kumwinua. Inspekta naye alingoja. Hakumwangalia msichana, alimwangalia afisa. Sauti iliyosikika ilikuwa ya makaa yakishuka ndani ya jiko.

Luteni von Hallegg alikuwa akizilaza glavu zake, moja juu ya nyingine, vidole juu ya vidole.

"Egon," alisema Valerie. "Sema."

"Niseme nini?"

"Unajua niliiweka wapi."

"Valli, umechoka. Usijibu kitu bila wakili wa bibi yako."

Msichana alipoongea, sauti yake ilikuwa tambarare, na aliielekeza kwa Inspekta.

"Niliichomoa mwenyewe. Zilipokuja tepe nyekundu nilimchagua yeye. Nilipokuwa nautundika utepe kwenye kifungo, kitanzi kikakatika mkononi. Watu wote walikuwa wanatazama, na walikwisha kucheka mara moja. Niliona haya kwa ajili yake. Nikainama, nikachomoa pini kwenye pindo, nikaubana kifuani."

"Raia hubanwa utepe kwa pini kwenye kola," alisema Inspekta. "Afisa je?"

"Afisa hatobolewi koti. Tulifundishwa. Ndiyo maana alikasirika. Aliniambia nimemtoboa sare kama mpishi anavyotoboa kuku."

"Na walzi ya mwisho?"

"Nusu. Alikuja katikati. Aliniambia alikuwa akivuta sigara."

"Kwa nini ulisema yote?"

"Yeye alikwisha kusema yote," alisema Valerie.

Inspekta alivuka ukumbi hadi penye jiko, akasimama hatua mbili mbele ya afisa. "Luteni, mlangoni nilipokupokea niliona tepe tatu, zote zimetundikwa kwenye vifungo. Utepe wako mwekundu una kitanzi, na kitanzi ni kizima. Inua utepe huo nione nguo iliyo chini yake."

"Wewe ni polisi wa raia. Huwezi kuniamuru kuinua kidole."

"Kweli. Siwezi."

"Basi sogea."

"Egon," alisema Bibi Mkubwa kutoka kitini, "inua utepe."

Ni sauti ambayo kwa miaka arobaini ilikuwa imeamua nani aingie ukumbi huu na nani abaki barazani. Luteni aliinua. Chini ya utepe, kwenye kitambaa cha buluu, kulikuwa na tundu lililochanika kuelekea chini, urefu wa ukucha, nyuzi zake zimetokeza nje.

"Anayeanguka kinyumenyume hushika kilicho mbele yake," alisema Wessely. "Zapletal alishika utepe. Utepe ulichomoka pamoja na pini. Pini ikaingia kwenye shati lake, uzi wa hariri ukabaki juu ya pini. Utepe wenyewe uliuokota. Kapu la tepe zilizobaki lilikuwa nyuma ya pazia, hatua nne kutoka mlango wa ngazi. Ulichukua mwingine ukautundika. Naomba unisaidie jambo moja, maana limenisumbua tangu ulipoingia. Ungeondoka na tepe mbili nisingekuwa na la kukuuliza. Nani angehesabu?"

"Nani angehesabu?" Luteni alicheka kidogo, bila furaha. "Kambini wanahesabu kabla hujavua koti. Nirudi bila nyekundu, waseme mchumba wangu mwenyewe hakunichagua? Baada ya maneno yale ya zizi? Unaishi mji gani, Inspekta?"

"Huu huu."

"Basi unajua. Mtu wa kufundisha hatua kwa ada ananiita mnyama mbele ya ukumbi mzima. Siwezi kumwita kwenye pambano, hana cheo cha kupambana nami. Sheria yetu ni kumkata pale pale, la sivyo wenzangu wananivua sare. Na upanga wangu umetundikwa chumba cha makoti, namba kumi na nne. Nilimfuata aombe radhi. Alisema yeye haombi radhi kwa mtu asiyejua kuzunguka kushoto kwenye walzi. Nikamsukuma. Mara moja. Sikujua ngazi zile zilivyo kali."

"Uliposikia mama huyu amekamatwa, ulikuwa wapi?"

"Kambini."

"Ulisemaje?"

Luteni alivaa glavu ya kushoto, kisha ya kulia. "Hakuna aliyeniuliza," alisema.

Valerie alikuwa amegeukia ukuta. Nemetz aliacha kuandika, akasubiri. Bibi Mkubwa alitoa leso kwenye mkono wa gauni lake, akaikunja, na alipozungumza aliongea kwa upole zaidi kuliko alivyoongea asubuhi yote.

"Inspekta, tuongee kama watu wazima. Huwezi kumkamata. Utampeleka kambini, na kambini maofisa wenzake watakaa mezani na kuona kwamba aliilinda sare yake. Atapata kifungo cha miezi michache ngomeni. Mjukuu wangu atasimama mahakamani na kuulizwa habari za pindo lake mbele ya waandishi wa magazeti. Uchumba huu nitauvunja leo, hilo ni langu. Lakini wewe unatafuta kitu kimoja, kumtoa mwanamke huyu. Mtoe. Andika kwamba mwalimu aliteleza. Mzee wa miaka sitini na moja, ngazi za mawe, giza, amechoka. Bi Hruschka atalala kwake leo, na hakuna atakayeumia tena."

"Na pini?"

"Pini za mwanamke huyu ziko kila mahali. Amesema mwenyewe."

Wessely alitazama saa. Ilikuwa saa tano na nusu. Alijua kwamba kila alichosema Bibi Mkubwa kuhusu kambi kilikuwa kweli. Alijua pia kwamba maneno ya Valerie yangekanushwa kabla ya chakula cha mchana. Tayari mkono wa bibi yake ulikuwa umelishika gauni lake, na usingeliachia. Luteni angeyakana aliyoyasema, na kambini wangemwamini. Kilichobaki imara kilikuwa hesabu ya pini, na hesabu hiyo ilisimama juu ya neno la mtu mmoja.

"Bi Hruschka," alisema, "sitatia saini karatasi hii. Iwe itakavyokuwa, wewe huendi kwa hakimu kama mshtakiwa. Nemetz, ichane."

Nemetz aliichana mara mbili. Rosalia alifumba macho, akayafumbua.

"Sasa sikiliza vizuri, maana sitaki useme baadaye kwamba hukuelezwa. Nikiandika kwamba aliteleza, unaondoka sasa hivi na jambo limekwisha. Nikiandika kwamba alisukumwa, nahitaji ushahidi wako wa pini saba, wa hariri na wa yale meno, mbele ya hakimu na mbele ya wanajeshi. Watakuuliza kwa ukali. Watayaleta maneno yako ya Jumapili. Na nyumba za namna hii hazitakuita tena kushona."

"Hata moja haitamwita," alisema Bibi Mkubwa. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

"Mama, nenda nyumbani," alinong'ona Kerschbaum. "Zapletal mwenyewe alikuwa hakupendi."

Rosalia Hruschka alisimama. Alikuwa mfupi kiasi kwamba kusimama kwake hakukuleta tofauti kubwa. Aliirudisha pini mkononi mwa Inspekta, akaifunga mikono yake mbele ya aproni, na akawaangalia mmoja mmoja: Luteni, Bibi Mkubwa, mgongo wa msichana.

"Alikuwa na mdomo mchafu," alisema, "na sitamlilia. Lakini mnataka iandikwe kwamba aliteleza. Mimi kazi yangu ni ya kupiga magoti, na mtu wa magoti huona miguu. Miguu ya mtu yule nimeitazama misimu kumi na tisa, kwenye nta, kwenye mvinyo uliomwagika, kwenye ngazi, usiku wa manane akiwa na homa. Haijateleza hata siku moja. Jana haikuteleza. Andika alisukumwa, Inspekta. Nitakwenda kusema, kwa hakimu na kwa hao wanajeshi wenu pia, na nitaanza na miguu."